Gari la umeme nyumbani: ninunue chaja ya ukutani ya kilowati 22, ya kilowati 7, au nibaki na kebo iliyokuja na gari?

1. MwalimuWaLanet

Habari zenu wanajukwaa. Mwezi uliopita nilinunua Nissan Leaf iliyotumika, yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyoletwa kutoka Japani. Ninaishi Lanet na kufundisha upande wa pili wa mji wa Nakuru, kwa hivyo siku ya kazi huendesha kilomita 40 hivi, na wikendi moja kila mwezi huenda kumwona mama Kisumu.

Mpaka sasa ninachaji kwa kebo ya kubebea iliyokuja ndani ya buti. Fundi mmoja aliikata plagi yake ya Kijapani na kuweka ya pini tatu kama ya pasi. Gari linachaji, lakini kila usiku ninaamka mara mbili kwenda kuigusa plagi hiyo, kwa sababu huwa ya moto kiasi cha kunifanya niondoe mkono.

Nimeletewa bei za chaja tatu za ukutani: ya kilowati 7 yenye kebo yake ya kudumu, ya kilowati 7 yenye tundu tu, na ya kilowati 22 inayohitaji umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme badala ya moja. Muuzaji anasisitiza hiyo ya 22 kwa hoja kwamba gari litajaa mara tatu upesi. Rai yangu, ambayo naomba mnikosoe kwayo, ni kwamba afadhali kununua kubwa mara moja kuliko kununua ndogo mara mbili.

Lipo jambo la pili. Kaka yangu anayeishi Mamboleo, Kisumu, ana chaja ya kilowati 7. Kila jioni, kati ya saa moja na saa nne, hukatika yenyewe, kisha ikifika saa sita usiku huchaji mpaka asubuhi bila tatizo. Sitaki kununua ugonjwa huohuo.

2. FundiStima_Nyalenda

Mwalimu, kabla ya mambo ya kununua, tafadhali acha kutumia plagi hiyo usiku wa leo. Kebo ya Leaf za Japani imetengenezwa kwa soketi ya volti 200 na huliruhusu gari kuvuta hadi ampea 15. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na fyuzi hiyo haikatiki papo hapo ukiizidisha kidogo. Huendelea kupitisha umeme huku ikipata moto. Pasi huwaka na kuzimika, lakini gari huvuta bila kupumzika kwa saa sita, saa nane, na soketi za bei ya chini haziwezi kustahimili kazi hiyo. Nimebadilisha soketi tatu mwaka huu zilizoyeyuka upande wa waya wa moto, zote kwa sababu hii.

Ikiwa ni lazima uchaji kesho, tafuta kebo ya kubebea inayoweza kupunguzwa hadi ampea 10, uichomeke kwenye soketi nzuri yenye waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka. Usitumie ekstensheni kamwe.

3. MhandisiMstaafu_Milimani

Ninaunga mkono kila neno la Fundi, na ninaongeza jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Kile kisanduku tunachokiita chaja ya ukutani si chaja. Chaja yenyewe, ile inayogeuza umeme wa nyumba kuwa umeme wa betri, imo ndani ya gari. Kisanduku ni swichi yenye akili na ulinzi: hupitisha ishara kwenye waya mwembamba kuliambia gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi, kuanzia 6 kwenda juu, na gari huvuta kiasi linachoweza, wala haliwezi kuvuta zaidi ya chaja yake ya ndani.

Leaf hutumia fezi moja tu. Ukilipatia kisanduku cha kilowati 22 litachukua fezi moja na kuziacha mbili zikiwa zimelala. Tena, Leaf nyingi za betri ya 40 zilizouzwa Japani zilitoka kiwandani na chaja ya ndani ya kilowati 3, na ile ya kilowati 6 ilikuwa ya kuongezewa kwa hiari ya mnunuzi. Kiwanda chenyewe hutaja saa 16 za kujaza kwa kilowati 3 na saa 8 kwa kilowati 6. Huenda basi hata hicho kisanduku cha 7 kisikuongezee chochote kwa gari ulilo nalo.

Kipimo chake ni rahisi. Ukifika kwa kaka yako, zimeni vitu vingine vyote ndani ya nyumba, chaji kwa saa moja, kisha msome mita ya tokeni. Zikipungua uniti (yaani kilowati-saa) tatu na ushee, gari lako ni la kilowati 3. Zikikaribia sita au saba, ni la kilowati 6.

4. NyarKano

Asanteni kwa maelezo. Mimi hupeleka samaki Kakamega na kurudi Kisumu siku tano kwa wiki, yaani kilomita mia moja hivi kwa siku, kwa gari la Kichina lenye tundu la kuchajia la umbo la Ulaya, liitwalo Aina ya 2. Nilianza na kisanduku chenye kebo yake ya kudumu kwa sababu ilikuwa raha kushika na kuchomeka tu. Asubuhi moja nilikuta kebo imekatwa kwa msumeno pale inapotokea kwenye kisanduku, shaba imeondoka na wenyewe. Baada ya hapo nikaweka kisanduku chenye tundu, na kebo hulala ndani ya nyumba pamoja nasi.

Mwalimu, sababu nyingine ya kuchagua chenye tundu ni kwamba Leaf yako ina tundu la Aina ya 1, lile la Japani, lakini gari utakalonunua baada yake huenda likawa la Aina ya 2. Ukiwa na kisanduku chenye tundu, utabadilisha kebo pekee. Angalizo kwa wanaoagiza magari moja kwa moja kutoka China: mengi yana tundu la GB/T, yaani la kiwango cha China, ambalo kwa sura linafanana na Aina ya 2 lakini haliingiliani nalo. Jirani yangu alinunua kebo kwa kutazama picha, na mpaka leo imening'inia ukutani kama pambo.

Kuhusu kaka yako, mimi nashuku hita ya bafuni. Saa moja hadi saa nne ndio muda ambao watoto wanaoga.

5. DerevaWaMolo

Hesabu yangu ni ya matumizi. Leaf hula uniti 15 hivi kwa kilomita 100, kwa hivyo kilomita 40 za Mwalimu ni uniti 6, na ukiweka zinazopotea wakati wa kuchaji ni 7. Kwa ampea 10 na volti 240, hizo ni saa tatu tu. Mtu anayelala saa saba usiku kucha anahitaji kisanduku cha kilowati 7 kwa kazi gani?

6. MwalimuWaLanet

Nimeacha kuitumia plagi ile, Fundi, asante sana. DerevaWaMolo, hesabu yako inanituliza kwa siku za kazi, lakini wikendi ya Kisumu je? Nikifika Mamboleo Ijumaa usiku betri imebaki asilimia 20, sina budi kuijaza kabla ya kurudi.

7. DerevaWaMolo

Hapo umesema kweli, na kurudi ndiko kugumu kuliko kwenda. Kutoka Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda kupitia Kericho hadi nyanda za juu za Mau kabla ya kuteremka kwenda Nakuru. Gari pamoja na abiria likiwa na tani 1.6, kila mita 1,000 za kupanda zinakula uniti 4 na zaidi juu ya matumizi ya kawaida ya barabara. Mteremko hurudisha sehemu tu ya hizo. Basi chaja ya kaka yako ni muhimu kwako kuliko ya nyumbani kwako.

8. KijanaWaLurambi

Mbona hakuna anayetaja saa ya gari? Magari haya huja yakiwa bado na saa ya Japani, ambayo iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na menyu ikiwa ya Kijapani wengi hawaifungui kabisa. Saa sita usiku ya Kisumu ni saa kumi na mbili asubuhi ya Tokyo. Kama mwenye gari wa kwanza alikuwa amepanga muda wa kuchaji, gari la kaka linafuata ratiba ya mtu aliye ng'ambo. Mimi nilihangaika wiki mbili, nikamlaumu fundi bure, kumbe ni ratiba iliyokuwa imehifadhiwa kwenye gari.

9. FundiStima_Nyalenda

Hiyo ya saa ni nzuri na ichunguzwe, lakini Mwalimu amesema kisanduku ndicho kinachokatika. Ratiba ya gari huliacha gari kimya bila kisanduku kuonyesha hitilafu. Mimi ningeanza na volti. Jioni kila nyumba imewasha taa, televisheni, jiko na hita, na mtaa uliokua upesi kuliko transfoma yake utaona volti zikishuka. Visanduku vingi hujizima volti zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa kiwandani. Saa sita usiku watu wamelala, volti zimepanda, kazi inaendelea.

Urefu na unene wa waya nao huongeza tatizo. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba hupoteza takriban milivolti 11 kwa kila ampea kwa kila mita. Umbali ukiwa mita 35 na mkondo ampea 32, volti 12 zimeishia njiani. Wa milimita 6 ungepoteza 8, na wa milimita 10 ungepoteza 5. Mafundi wengi huweka wa 4 kwa sababu ni wa bei nafuu, na mchana wakijaribu mbele ya mwenye nyumba kila kitu huonekana sawa.

10. KakaWaMamboleo

Hamjambo. Mimi ndiye kaka anayezungumziwa, na nimepigiwa simu na watu wawili wakiniuliza kama nimeshaoga. NyarKano, hita ya bafuni ninayo kweli, lakini juzi tulioga mchana kutwa kwa maji ya baridi kwa makusudi, na kisanduku kikakatika saa mbili kasoro vilevile. Saa ya gari nimeirekebisha leo. Waya wangu ni wa milimita 6, na umbali ni mita 30 hivi. Kisanduku kikikatika huwaka taa nyekundu, lakini kijitabu chake kimeandikwa lugha nisiyoisoma.

11. MhandisiMstaafu_Milimani

Kaka, taa nyekundu inaondoa hoja ya ratiba, kama Fundi alivyosema. Mimi naelekea kwenye waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme unaovuja kwenye udongo kupitia fimbo ya shaba iliyochimbiwa chini. Kisanduku cha gari hukagua ardhi kila wakati, na kisiporidhika hukataa kazi, tofauti na friji au televisheni ambazo haziulizi. Mamboleo iko karibu na udongo mweusi wa mfinyanzi ule wa tambarare za Kano. Ukiwa na maji hupitisha umeme vizuri mno, lakini wakati wa jua hunywea na kupasuka, na fimbo ya shaba hubaki imesimama ndani ya ufa bila kugusana na udongo. Huku Nakuru taabu yetu ni nyingine: udongo wa majivu ya volkano hukauka upesi, na fimbo moja fupi haitoshi. Mwombe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime. Palipo na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30, kipimo cha ukinzani wa ardhi kinachopita omu 200 hakitegemewi.

Na mkiwa hapo, tazameni swichi hiyo ni ya aina gani. Ile ya kawaida ya aina AC inaweza kupofushwa na umeme mnyoofu (DC, kama wa betri) unaovuja kutoka kwenye gari, isikate hata mtu akishikwa. Inatakiwa ya aina B, au ya aina A pamoja na kisanduku chenye kinga yake ya miliampea 6 dhidi ya umeme huo mnyoofu. Mwalimu, kabla ya kuuliza kilowati, muulize muuzaji wako swali hili. Asipolielewa, ondoka dukani.

12. MkulimaWaKericho

Lakini Mhandisi, ardhi haijui saa. Fimbo iliyo mbovu saa mbili usiku ni mbovu pia saa sita usiku.

Mimi naongeza jambo la radi, kwa maana sisi wa Kericho, pamoja na ndugu zetu wa Kisii na Kakamega, tunaijua. Kisanduku changu cha kwanza kiliungua alasiri moja ya mvua ya mawe, na gari halikuwa limechomekwa. Sasa nina kinga ya mawimbi ya umeme kwenye kisanduku cha breka, na ngurumo zikianza ninachomoa. Kingine ni sisimizi: walijenga ndani ya kile cha pili kupitia tundu la waya ambalo fundi hakuliziba.

13. MhandisiMstaafu_Milimani

Umenibana kwa haki, Mkulima. Hata hivyo ardhi ya nyumba si fimbo pekee. Ikiwa waya wa nyutro wa mtaa, ule unaorudisha umeme, umelegea mahali, mzigo wa jioni huusukuma mbali na sifuri, na kisanduku kinaweza kuisoma hali hiyo kama hitilafu ya ardhi. Usiku mzigo ukipungua, tofauti hiyo hupotea.

14. NyarKano

Naomba niulize kuhusu gharama. Nasikia kuna bei maalumu ya umeme wa magari, shilingi 8 kwa uniti usiku. Kwa nini basi sote tunalipa bei ya nyumbani?

15. KijanaWaLurambi

Iliwekwa katika orodha ya bei za umeme ya Aprili 2023: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za mzigo mdogo, kwa matumizi yasiyozidi uniti 15,000 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Katika orodha hiyohiyo, mtumiaji wa nyumbani anayepita uniti 100 kwa mwezi aliwekewa 20.97. Tuchukue uniti 7 za Mwalimu kwa siku 26, ambazo ni 182. Kwa 20.97 ni shilingi 3,817, kwa 8 ni shilingi 1,456. Ila bei hiyo inadai mita yake ya pekee, si ile inayowasha taa zako, na kwa mwenye gari moja sijui kama usumbufu wa mita ya pili unarudisha gharama.

Linaloniuma ni kwamba mvuke wa ardhini wa Olkaria unaozalisha umeme uko ndani ya Kaunti hiyo hiyo ya Nakuru anakoishi Mwalimu na haulali usiku, wakati sisi tumelala. Gari linalochaji saa nane za usiku ndilo hasa linalofaa kuula umeme huo.

16. MwalimuWaLanet

Nimerudi kutoka Kisumu. Tulifanya kipimo cha Mhandisi: saa moja, nyumba yote imezimwa, mita ikapungua uniti 3.2. Kwa hivyo gari langu ni la kilowati 3, na ile ya kilowati 22 nimeiondoa katika hesabu. Nimebaki kati ya mawili. Fundi alinishauri kwa simu niweke soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16, yenye waya na breka yake, kisha kebo yangu ya Japani ifungwe plagi yake halali. Mhandisi ananishauri kisanduku cha kilowati 7 chenye tundu, kilichoshushwa hadi ampea 16 kwa sasa.

17. FundiStima_Nyalenda

Nasimama na soketi ya buluu. Ni imara, ni nafuu, na ikiharibika hubadilishwa kwa dakika 20. Pesa zinazobaki zitie kwenye swichi nzuri ya kinga na kwenye fimbo ya pili ya ardhi.

18. MhandisiMstaafu_Milimani

Nami nasimama na kisanduku. Soketi ya buluu ni imara, sikatai, lakini kebo ya kubebea haikutengenezwa kuning'inia nje miaka mitano ikipigwa na mvua ya Nakuru. Ila akiweka soketi, apitishe waya wa milimita 6 tangu sasa, ili siku ya kubadilisha asivunje ukuta.

19. KakaWaMamboleo

Vipimo vya wiki hii ni hivi. Ardhi ni omu 64, kwa hivyo fimbo ni nzima. Jumatatu kilikatika saa mbili na dakika kumi, volti zikiwa 198, nikasema Fundi ameshinda. Jumatano kilikatika saa tatu kasoro robo volti zikiwa 221. Alhamisi hakikukatika kabisa, na jioni hiyo ilinyesha.

20. MkulimaWaKericho

Ilinyesha, kwa hivyo palikuwa na baridi. Kisanduku chako kiko ukuta wa upande gani?

21. KakaWaMamboleo

Upande wa magharibi. Jua la ziwa linakipiga tangu saa nane mchana mpaka linapotua.

22. FundiStima_Nyalenda

Ukuta wa mawe hubaki na joto saa kadhaa baada ya jua kuzama, nalo ningelikubali. Ila 221 ya Jumatano inaweza pia kuwa skurubu iliyolegea kwenye kituo cha waya, ambayo nayo hupata moto mkondo ukipita. Kesho mchana zima swichi kuu, fungua kifuniko, tazama kama plastiki iliyo karibu na skurubu imebadilika rangi, upige picha. Jioni kifunike kisanduku kwa kivuli cha bati, bila kukaza skurubu yoyote, ili tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

23. KakaWaMamboleo

Bati ninalo. Nitaleta picha kesho baada ya chakula cha mchana, na volti za saa moja, saa mbili na saa tatu.